Akijiuzulu Mtu, Anza na Bahasha

Simu ya namna hii haiji saa za kazi. Huja baada ya isha, watu wameshatandika mikeka barazani, au alfajiri hujasukutua. Anayepiga hasalimu, anasema neno moja tu: "Ameachia." Nawe uliyeanza kazi ya habari juzi hapa Mombasa, usingizi unakuruka, maana kiongozi aliyebakiwa na miaka mitatu ya kipindi chake hajiondoi hivi hivi. Pana jambo. Na mji mzima tayari unalijua hilo jambo, ila kila mtu analo lake.

Nimeifanya kazi hii miaka mingi, zaidi redioni, na hakuna kilichoniaibisha kama kukisia kwa nini mtu kajiuzulu. Nyinyi mnaoingia sasa siwakatazi kukisia. Anayewaambia mwandishi hakisii anawadanganya. Tunakisia kutwa, ndivyo tunavyojua pa kwenda kuuliza. Taabu ni pale kisio linapovaa nguo za habari likapanda hewani.

Langu lilivaa suti kabisa. Mabunge ya kaunti yalikuwa bado mageni, hata tulikuwa hatujazoea kuwaita wakubwa wake waheshimiwa. Mwakilishi wadi mmoja, simtaji yeye wala wadi yake, alisimama kwenye mchango wa madrasa akasema amechoka, anawarudishia wananchi kiti chao. Kufika magharibi nakala ya barua yake ilikuwa imezunguka kwenye simu za watu. Mimi nikaenda Mwembe Tayari kwa muuza kahawa wangu. Birika la shaba juu ya makaa, vikombe vikigonganishwa, kashata kwenye sinia. Kikombe cha kwanza, mmoja akasema zile ni pesa za basari, za kuwalipia wanafunzi karo, kazila. Cha pili, mwengine akaongeza kwamba wakaguzi wanakuja. Cha tatu nilikuwa na habari kamili. Saa moja usiku nikaisoma kwa sauti yangu nzito ya siku zile: "Duru za kuaminika zaarifu..." Duru zenyewe zilikuwa watu watatu na birika.

Kikao kilichofuata, bwana yule aliingia bungeni, akapeana mikono na wenzake, akakaa kitini pake. Nikamkimbilia karani. Hakunigombeza. Alinigeuzia daftari la barua zinazoingia, akashusha kidole mstari kwa mstari, tangu tarehe ile mpaka siku hiyo, halafu akaniuliza: "Hiyo barua unayoisema wewe imeandikiwa nani?" Nikafungua simu. Nilikuwa nimeisoma si chini ya mara kumi, na mara zote nimeanzia pale penye "kwa masikitiko makubwa". Mstari wa juu sikuwahi kuuangalia. Alikuwa amemwandikia mwenyekiti wa tawi la chama. Spika hakuwekwa hata kwenye nakala.

Katiba ya 2010 haina mzaha hapo. Mwakilishi wadi anajiuzulu kwa kumwandikia spika wa bunge la kaunti. Gavana naye humwandikia spika huyo huyo. Mbunge humwandikia spika wa Bunge la Taifa, na seneta spika wa Seneti. Machozi jukwaani si kujiuzulu, na ujumbe wa simu si kujiuzulu. Lakini angalia hapa: laiti bwana yule angeandika kwamba anakihama chama kilichomsimamisha, hesabu ingekuwa nyingine, maana anayejiuzulu chama alichochaguliwa nacho hupoteza na kiti. Barua yake ilikwepa neno hilo kiufundi sana. Mtu anayekwenda zake kweli hachagui maneno vile.

Wiki mbili hazikwisha, akapewa uenyekiti wa kamati aliokuwa akiutamani tangu mwanzo. Barua ilikuwa ya kutajia bei, na mimi ndiye niliyempandishia bei bure. Pesa za basari hazikuwamo kabisa. Mhariri akaamua niombe radhi mwenyewe, saa ile ile ya taarifa, kwa mdomo ule ule. Ilichukua kama sekunde arubaini. Mama alikuwa Likoni, redio yake haizimwi. Nilipofika nyumbani hakusema kitu, akanitilia chai akaendelea kupepeta mchele.

Kwa hivyo, ikija simu ya usiku, anza na bahasha. Imeandikiwa nani, imefika lini, nani kaipokea, inaanza kufanya kazi siku gani. Ulizia muhuri wa kupokelewa. Kisha ngoja spika atangaze, na Ijumaa utazame Gazeti Rasmi la Serikali. Ukishaushika mwili wa jambo ndipo uanze kuitafuta roho yake.

Na Kiswahili chenyewe kinakusaidia, ukikisikiliza. Kuuzulu ni kumwondoa mtu cheoni. Kujiuzulu ni kujiondoa mwenyewe. Tofauti yote imo ndani ya hiyo "ji", nawe kazi yako ni kujua kama ni ji ya kweli. Wako wanaojiuzulu kwa mikono yao, na wako walioshikwa mkono wakaandikishwa. Msomaji wa pwani ana sikio kali. Ukimwandikia "amejiuzulu" na yeye anajua jamaa kasukumwa, anakucheka.

Jambo linalonishangaza kwa wageni wa kazi hii ni kwamba wote hukimbilia kashfa kabla ya kalenda. Kenya hupiga kura Agosti kila mwaka wa tano, na mambo mengi hufuata tarehe hiyo kama maji yanavyofuata mwezi. Februari 2022 mawaziri kadhaa waliachia ofisi, akiwamo Charles Keter wa Kawi aliyeutaka ugavana wa Kericho. Pale palikuwa hapana fumbo: anayetaka kugombea ilimpasa atoke serikalini miezi 6 kabla. Ila ungekuwa mgeni ungepoteza siku nzima ukitafuta ugomvi.

Au chukua Malindi, jirani zetu. Mwishoni mwa 2015 mbunge wao Dan Kazungu, wa chama cha upinzani cha ODM, aliteuliwa na rais wa wakati ule, Uhuru Kenyatta, kuwa waziri wa Madini. Waziri wa Kenya haruhusiwi kuwa mbunge, basi kiti kikabaki wazi. Barazani hapa ikasemwa kwamba Jubilee, upande wa rais, wamemtoa samaki ili waibe wavu, yaani shabaha ni kuivunja ODM pwani. Lilikuwa kisio zuri, lina mantiki, na huenda hata lilikuwa kweli. Uchaguzi mdogo ukafanywa tarehe 7 Machi 2016, na Willy Mtengo akaibakisha Malindi mikononi mwa ODM. Kwa hivyo ukikisia nia ya mtu usikisie na matokeo yake kwa pumzi moja. Hizo ni habari mbili.

Sheria inataka kiti cha mbunge aliyechaguliwa kijazwe ndani ya siku 90, lakini msikariri tarakimu hiyo mkalala. Jimbo la Ugunja lilibaki bila mbunge tangu Opiyo Wandayi alipoingia katika baraza la mawaziri 2024 hadi uchaguzi mdogo wa 27 Novemba 2025, kwa kuwa tume ya uchaguzi haikuwa na makamishna.

Sasa njooni kwenye mfano ninaoupenda kuliko yote, ingawa ni wa Nairobi. Januari 2018 Polycarp Igathe, naibu gavana, alitangaza kwenye Twitter kwamba anaondoka mwisho wa mwezi. Hata nusu mwaka hakuwa amemaliza. Alisema ameshindwa kuipata imani ya gavana wake, Mike Sonko. Basi watu wakakisia: katishwa, kanunuliwa, karudi kwenye kampuni kubwa alikozoea mshahara. Kila mtu alitazama nyuma, kwamba kumetokea nini baina ya wawili hawa. Karibu hakuna aliyetazama mbele, kwamba je, kutoka leo kunamfungulia mlango gani, na kiti kitupu kitamfanya nini anayebaki?

Desemba 2020 Seneti ikamwondoa Sonko. Nairobi haikuwa na naibu wa kurithi, kiti kile kilikuwa hakijajazwa, na spika wa kaunti akalazimika kukaimu. Kisha 2022 Sonko huyo huyo akaja kwetu Mombasa kuutafuta ugavana. Mabango yalikuwa yashapanda. Tume ikamkatalia kwa sababu ya kule kuondolewa, na Julai Mahakama ya Juu ikathibitisha kwamba aliondolewa kihalali. Hakufika kwenye karatasi ya kura. Na Igathe? Mwaka ule ule alikuwa kwenye karatasi ya Nairobi akiwania ugavana, akashindwa na Johnson Sakaja. Mmoja aliondoka kwa ji, mwengine bila ji, na 2022 tofauti ikaonekana debeni.

Sisemi Igathe aliyapiga hesabu hayo yote Januari ile. Ningesema hivyo ningekuwa narudia habari ya birika. Ninachosema ni kwamba anayetoka kabla ya kutolewa hubaki na jina la kusimama nalo tena, na wanasiasa wanalijua hilo kuliko sisi. Basi mtu akijiuzulu na hoja ya kumwondoa iko njiani, uliza hoja hiyo imefika wapi. Karani atakwambia. Makarani wanajua mengi na huulizwa machache, tena ukimwamkia vizuri na kumuulizia watoto, hakunyimi.

Juu ya baraza: msilidharau. Kahawa ya Mwembe Tayari, Kongowea asubuhi na mapema, foleni ya feri Likoni, ndiko habari zinakoamkia. Ila baraza hukupa swali, halikupi jibu. Mzee akikwambia "nasikia", muulize kwa upole, "umesikia kwa nani, mzee wangu?" Mara tatu kati ya nne atakutajia mtu aliyekaa mkeka huo huo.

Na lile neno "inadaiwa" mliache kidogo lipumzike. Wengi wenu mnadhani ni mwavuli. Mtu akikushtaki kwa kumchafulia jina, hakimu hatakuuliza kama ulisema "inadaiwa". Atakuuliza una nini mkononi. Bora useme wazi: hili ni kisio langu, nimelitoa katika mambo haya mawili, na hili la tatu linalipinga. Msikilizaji hakuvunjii heshima kwa hilo. Mimi nimepata simu nyingi za shukrani kwa kusema "hapa sina hakika" kuliko kwa duru zangu zote.

Ugonjwa na mambo ya nyumbani, yapite mbali mpaka mwenyewe aseme.

Kuna visio visivyofungwa, zoeeni. Aprili 1966 Oginga Odinga aliacha umakamu wa rais akasema sababu zake hadharani, akaongoza chama cha KPU. Hapakuwa na la kukisia. Aliyemfuata, Joseph Murumbi, alikaa miezi tu, akaondoka mwaka ukiisha. Serikali ilitaja afya, naye akaenda zake kwenye kampuni ya sigara ya Rothmans. Waliomjua wakasema kilichomkata maini ni kuuawa kwa rafiki yake, mwanasiasa Pio Gama Pinto, Februari 1965. Yamkini yote mawili. Ametuachia vitabu na sanaa zake, vingine mnaweza kuviona kwenye Jumba la Nyaraka Nairobi, lakini mjadala wa kwa nini aliondoka haujesha hadi leo.

Mimi nina daftari. Kila mtu anapojiuzulu naandika tarehe, barua ilikwenda kwa nani, na kisio langu kwa kalamu ya risasi, kisha naacha nusu ya ukurasa wazi. Huurudia baada ya mwaka, pengine baada ya uchaguzi. Wa Igathe nilikuwa nimeandika "siasa basi", na 2022 nikaufuta. Ukurasa wa kwanza kabisa ni wa yule mwakilishi wadi. Nimeibandika barua yake pale, imeshageuka rangi, na ule mstari wa juu nimeuzungushia wino mwekundu.