Majira ya dukani: presha kwanza, hela baadaye

Moshi

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama ni salama kununua vidonge vya majira famasia bila cheti cha daktari, maana wenzako kazini hapo Arusha wamegawanyika: wengine wanaona ni kujitafutia maradhi, wengine wanasema kwenda kliniki ni kupoteza siku. Nunua. Ila kabla hujatoa hela, upimwe presha, na ujue kidonge unachopewa ni cha aina gani.

Wanaokimbilia dukani nawaelewa. Vituo vya serikali vinatoa majira bure, na bado mtu analipa. Analipia kutoulizwa kama mume anajua, kutokutana benchini na shoga wa mama mkwe, na kutoomba ruhusa kwa bosi. Ambaye hajazaa anaogopa kuambiwa azae kwanza. Maneno hayo hayana msingi: majira hayafungi kizazi, ukiacha uwezo wa kushika mimba unarudi. Wala hayarundikani tumboni, yanayeyuka kama dawa nyingine yoyote ya kumeza.

Wanaoogopa duka nao wana hoja, lakini wameishika upande usio. Wanadhani daktari angewapima damu na homoni ndipo awachagulie kidonge. Mwanamke mwenye afya hahitaji kipimo cha damu wala kukaguliwa ukeni ili aanze majira. Anahitaji maswali machache na presha. Dukani ndivyo vitu vinavyorukwa, hasa foleni ikiwa ndefu.

Uingereza iliruhusu majira yauzwe famasia bila cheti mwaka 2021, Marekani ikapitisha yake Julai 2023. Wote wawili waliachia kidonge cha homoni moja, projestini peke yake. Kwetu ukisema tu "naomba majira", mara nyingi unapewa cha homoni mbili, chenye estrojeni ndani. Estrojeni ndiyo yenye shida ya kugandisha damu na kupandisha presha, kwa hiyo tunaonunua hapa tuna sababu kubwa zaidi ya kujipima kuliko wao. Soma pakti: ukiona ethinylestradiol pamoja na levonorgestrel, hicho ni cha homoni mbili.

Presha ipimwe hivi. Usiwe umekunywa kahawa nusu saa iliyopita. Kaa dakika 5 umeegemea kiti, miguu chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, usiongee. Miezi ya Juni na Julai hapo Arusha mnashinda na masweta, na muuzaji anafunga mkanda juu ya sweta. Vua, mkanda ukae kwenye ngozi. Kuikunja mikono ya sweta hadi ibane juu nako hakusaidii. Ikisoma 140/90 au zaidi, pumzika, rudia. Ikibaki hapohapo, usinunue cha homoni mbili. Nenda kituo cha afya wakuangalie, na huko watakuambia njia nyingine.

Presha ikiwa nzuri, jiulize mwenyewe. Umewahi kuganda damu mguuni au kwenye mapafu, kupata kiharusi, ugonjwa wa moyo, saratani ya titi, ini kuugua? Una kipandauso kinachotanguliwa na vimulimuli machoni? Umevuka miaka 35 na unavuta sigara? Jibu la ndiyo kwa lolote kati ya hayo, cha homoni mbili si chako. Mwenye dozi ya TB yenye rifampicin, au anayemeza carbamazepine au phenytoin kwa ajili ya kifafa, amwambie mtoa huduma, kwa sababu dawa hizo hupunguza nguvu ya majira.

Ukianza ndani ya siku 5 tangu hedhi ianze, umekingwa papo hapo. Ukianza siku nyingine, na una uhakika huna mimba, tumia kondomu siku 7. Meza baada ya chakula cha jioni kama kichefuchefu kinakusumbua. Matone ya damu miezi 3 ya mwanzo ni kawaida, yasikufanye uache katikati. Ukitapika ndani ya saa 2, meza kingine.

Sasa hapa ndipo wengi wanapopatia mimba. Pakti ya vidonge 28 ina 21 vyenye homoni na 7 vya kahawia, ambavyo mara nyingi ni madini ya chuma. Hivyo 7 ni mapumziko, na mapumziko hayatakiwi kuzidi hapo, kwa sababu yakirefuka yai linapata muda wa kukomaa. Mtu anahangaika na kidonge kimoja alichosahau katikati ya pakti, kumbe kuchelewa kununua pakti mpya kwa siku 3 ndiko kunakomponza. Kwa hiyo pakti inayofuata iwe ndani kabla hujagusa cha kahawia cha kwanza. Ukisahau kimoja au viwili, meza mara ukumbukapo na uendelee. Ukisahau 3 au zaidi, meza kimoja, endelea, na kondomu siku 7; ikiwa ni wiki ya tatu, maliza vyenye homoni, tupa vya kahawia, fungua pakti mpya.

P2, ile ya kumeza baada ya tendo, nayo unanishangaza unaponiambia kuna wanaoogopa majira ni "makali" huku P2 wanaimeza kila wikiendi. Levonorgestrel ni ileile: P2 ina mg 1.5 kwa mpigo, kidonge kimoja cha majira ya kawaida kina mg 0.15. Ni ya dharura, mapema iwezekanavyo na ndani ya saa 72, na haikukingi kwa tendo la kesho yake. Haitoi mimba iliyokwisha kushika.

Ukiwa unatumia, ukaumwa shavu la mguu mmoja na kuvimba, kifua kikakubana, au kichwa kikauma vibaya pamoja na macho kushindwa kuona, acha vidonge na uende hospitali siku hiyohiyo. Na kondomu usiiweke kando kwa sababu ya majira. Ukimwi hauzuiwi na vidonge.

Mdogo wako ananyonyesha mtoto wa miezi 3, na najua mnagawana vitu. Pakti yako usimpe. Cha homoni mbili asubiri mtoto afikishe miezi 6. Kwa sasa aombe cha homoni moja, ameze kila siku saa ileile. Cha levonorgestrel akichelewa zaidi ya saa 3, ameze akikumbuka na atumie kondomu siku 2.

Mama yako