Ukifika Ahmedabad, Matembezi ya Kuonja Vyakula vya Usiku Yafanye Juma la Kwanza

Nilipomsindikiza mama mdogo Ahmedabad, katika jimbo la Gujarat, kwa upasuaji wa goti, tulikaa huko wiki sita. Waliotutangulia kwenda India na wagonjwa wao walituusia mengi kuhusu viza, fedha na nyumba ya kupanga karibu na hospitali, lakini hakuna aliyenieleza nitakula nini usiku, wakati mgonjwa amelala na msindikizaji hana la kufanya. Nayaandika haya kwa wasindikizaji wenzangu, pamoja na wanafunzi na wafanyabiashara wanaopita mji ule. Ushauri wangu ni mmoja: lipia matembezi ya jioni ya kuonja vyakula vya mtaani ukiwa na mwongozaji, na uyafanye katika juma la kwanza. Wengi huyasubirisha hadi siku za kuaga mji. Mimi nayahesabu kuwa somo, na anayesoma siku ya kuondoka hapati siku ya kulitumia alilojifunza.

Nililipata somo hili kwa kuumwa. Usiku wa pili nilitoka peke yangu na njaa ya kutwa nzima, nikasimama kwenye mkokoteni wa kwanza nilioukuta, nikala pani puri kumi, vile vijipira vya unga vinavyojazwa maji ya viungo, na kuteremshia sharubati yenye barafu. Kwa siku mbili zilizofuata nilikuwa nimejilaza na pakiti za ORS pembeni, huku mama mdogo, ambaye ndiye mgonjwa, akinipigia simu kutoka wodini kuniuliza kama nimekunywa maji. Muuzaji yule huenda hakuwa na kosa lolote. Mimi ndiye niliyekuwa sijui la kutazama, na tumbo langu lilikuwa bado halijauzoea mji.

Nilipopona, mwenye nyumba yetu alinitafutia mwongozaji, kijana mzaliwa wa mji mkongwe, na tukatoka watu wanne: mimi, mume na mke kutoka Chennai, mji wa kusini mwa India, na mwanafunzi mmoja. Lilinishangaza kuona Wahindi wenyewe wanalipia mwongozaji, mpaka yule mama wa Chennai aliponieleza kuwa Kigujarati hawakijui, na kwamba vyakula vya Gujarat ni vigeni kwao karibu kama vilivyo kwangu. Tangu hapo niliacha kuona haya ya kuuliza. Kijana aliniita «ben», yaani dada, nami nikamwita «bhai», na hivyo ndivyo watu wa Gujarat wanavyoitana hata dukani.

Hatukuanza na kula. Ahmedabad ilianzishwa mwaka 1411 na Sultani Ahmad Shah kwenye ukingo wa mashariki wa mto Sabarmati, na mji huo wa kale, ambao mwaka 2017 uliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia, umegawanyika katika mitaa iliyofungana inayoitwa «pol», kila mmoja na lango lake na vichochoro vyembamba. Aliyekulia Mji Mkongwe wa Zanzibar au Mombasa ya kale hatapotewa na hisia ya mahali pale: milango ya mbao iliyochongwa, baraza zenye wazee, paka, na harufu ya bizari inayotoka dirishani. Katika pol moja alituonyesha «chabutro», mnara mdogo wa mbao wenye sahani juu, ambao wakazi huuwekea nafaka kwa ajili ya ndege. Saa nzima ilipita hivyo kabla hatujatia kitu kinywani, na naona alifanya vyema, kwa sababu tulifika kwenye chakula tukiwa tumetulia na si kwa pupa.

Chakula cha kwanza kilikuwa «khichu», na hapa nitakaa kidogo. Ni unga wa mchele uliosongwa katika maji yanayochemka pamoja na bizari nyembamba na chumvi, ukaiva hadi ukavutika. Muuzaji alifunua sufuria, mvuke ukampanda usoni, akachota donge kwa mwiko, akalibonyeza katikati kwa kidole gumba kufanya kishimo, akakimiminia mafuta ya karanga, kisha akanyunyiza unga wa pilipili uliochanganywa na uwatu. Ulikuwa ugali wa mchele, hakuna namna nyingine ya kuueleza, laini kama ule anaopewa mtoto anayetoka kuumwa. Kijana alisema ameuchagua uwe wa kwanza kwa sababu umetoka motoni wakati huo huo na hauna kitu kibichi ndani yake, kwa hiyo tumbo la mgeni halitaushtukia. Mimi mwenyewe nisingeusogelea. Nilikwisha kuupita mkokoteni ule mara mbili nikidhani wanauza gundi ya karatasi.

Hiyo ndiyo kazi ya mwongozaji mzuri: kupanga kipi kitangulie na kipi kifuate. Njia ungeweza kuiona kwenye simu. Alituanzisha na vya moto na laini, akatupeleka kwenye vinavyopikwa juu ya chuma cha moto, akaacha vya maji ya baridi hadi alipomfikia muuzaji anayemwamini, akamalizia na vitamu. Tena kila sahani moja tuligawana wanne. Ukikutana na anayekuahidi vyakula ishirini kwa saa mbili, mwache. Vinane vinatosha, na baada ya cha nane ulimi haubagui tena.

Uwanja tulikolia, ndani ya mji mkongwe, unaitwa Manek Chowk, nao una maisha matatu kwa siku. Asubuhi ni mahali pa mboga, mchana ni soko la masonara, na maduka ya dhahabu na fedha yanapofungwa, mnamo saa mbili usiku, mikokoteni, meza na viti vya plastiki huingia na uwanja mzima ukageuka jiko. Hatua chache kutoka hapo ndipo lilipo kaburi la Sultani Ahmad Shah, na ng'ambo yake makaburi ya malkia wa mji. Umati hasa hukusanyika kati ya saa nne na saa sita. Usiogope saa hizo. Gujarat ni jimbo lililopiga marufuku pombe tangu lilipoundwa mwaka 1960, na watu wanaojaa pale ni familia, mabibi, na watoto waliopaswa kuwa wamelala. Mimi mwanamke mgeni sikupata usumbufu wowote, ingawa nilivaa nguo ndefu na mtandio, na hayo nakushauri nawe. Kumbuka pia kuwa Ahmedabad iko mbele ya Dar es Salaam na Nairobi kwa saa mbili na nusu, kwa hiyo katika siku zako za kwanza njaa yako ya saa mbili usiku ya nyumbani itakujia saa nne na nusu ya kule, wakati uwanja umewaka.

Pav bhaji, yaani rojo la mboga linaloliwa na mkate, hupikwa kwenye chuma kipana ambacho wao wanakiita «tava», nasi tunakijua kama tawa la chapati, isipokuwa hili la kwao linamtosha mtoto kulalia. Viazi, nyanya, njegere na pilipili hoho hupondwapondwa hapo hapo juu ya moto hadi viwe rojo jekundu, na siagi hukatwa vipande ambavyo kwetu vingetosha mkate wa wiki. Siagi hiyo mara nyingi ni ya Amul, ushirika wa wafugaji uliozaliwa mwaka 1946 katika mji wa Anand, humo humo Gujarat, na watu wa pale huitaja kwa fahari. Kijana alitufundisha kusimama upande wa mpishi na kutazama: je, rojo linachemka au limekaa tu pembeni likipoa? Je, anayeshika fedha ndiye anayeshika mkate? Tukiona watu wengi wanakula na sahani zinatoka haraka, tukae. Tukiona bakuli zimepangwa zinasubiri, tupite. Tumbo likiwa dhaifu, kamulia ndimu na uache kitunguu kibichi kinacholetwa pembeni.

Hapo pia nilijifunza jambo la imani ambalo wageni wengi hulipita. Mji ule una Wajaini wengi, wafuasi wa dini ya kale ya India inayokataza kudhuru kiumbe hai, na wao, pamoja na kutokula nyama, hawali kitunguu, kitunguu saumu wala viazi, kwa kuwa kung'oa kinachoota chini ya ardhi huua mmea wenyewe na vidudu vinavyoishi kwenye mizizi yake. Wapishi kwa hiyo wana pav bhaji ya Kijaini, ambamo viazi vimebadilishwa kwa ndizi mbichi. Niliomba nionje. Mtu wa Bukoba au wa Kilimanjaro angeitambua ladha ile kabla hajafumbua macho.

Pani puri tuliila karibu na mwisho, na safari hii nilielewa kosa langu la awali. Puri ni kijipira cha unga uliokaangwa, kitupu ndani. Muuzaji hukitoboa kwa kidole, hukijaza viazi na dengu au choroko, kisha hukichovya katika maji ya nanaa, kotmiri, ukwaju na chumvi nyeusi. Maji hayo hayachemshwi, na ndiyo yanayowaangusha wageni. Kijana alitupeleka kwa muuzaji anayechanganya maji yake kutoka kwenye madumu ya maji safi yaliyofungwa, yakiwa wazi kwa kila mtu kuyaona, na anayehudumia akiwa na glavu. Puri huliwa moja moja, yote kinywani kwa mara moja, na muuzaji huendelea kukupa bila kuuliza mpaka useme «bas», yaani basi, ileile ya kwetu. Ukishasema, ngojea kidogo: hukupa moja ya mwisho iliyo kavu, bila malipo. Neno jingine la kulikariri ni «ochhu tikhu», pilipili kidogo. Nalo lisikufanye udhani vyakula vyote ni vikali. Wagujarati hutia sukari hata kwenye mchuzi wa dengu, na mwenye kisukari amwambie mwongozaji mapema, kama vile mwenye mzio wa karanga, kwa sababu mafuta ya karanga yapo karibu kila mahali.

Sandwichi za pale zina sifa kubwa, hasa ya «ghughra», yenye kitunguu, hoho na pilipili mbichi zilizokatwakatwa chini ya mlima wa jibini iliyokwaruzwa mpaka mkate hauonekani. Ya chokoleti sikuipenda. Kulfi, kinyume chake, usiikose: ni maziwa yaliyochemshwa kwa muda mrefu hadi yakapungua na kuwa mazito, yakatiwa iliki na pista, yakagandishwa.

Manek Chowk ni mahali pa wasiokula nyama. Anayetaka kababu na sambusa za nyama aombe apelekwe Bhatiyar Gali, kichochoro cha wapishi karibu na lango la Teen Darwaza, ambako wauzaji ni Waislamu na nyama ni halali. Nakushauri iwe usiku mwingine. Nyama ya viungo vikali juu ya jibini na siagi ni mzigo, na kichochoro kile kinastahili njaa yake yenyewe. Sambusa zao ni ndogo kuliko zetu, na kachori za Gujarat si zile za viazi tunazozijua pwani. Ndani mara nyingi utakuta choroko au mbaazi.

Katika kumchagua mwongozaji, uliza maswali haya kabla ya kulipa. Je, kundi litakuwa la watu wangapi? Zaidi ya sita hamtasikiana, kwa maana pikipiki hupiga honi mfululizo. Je, bei imejumlisha chakula, au kila sahani utalipia mwenyewe? Je, anaishi mjini humo na anazungumza Kigujarati? Mweleze pia ugonjwa, dawa na mwiko wako wa dini wakati wa kuagana miadi, si mbele ya mpishi. Beba noti ndogondogo, kwa sababu wenyeji wengi hulipa kwa kuelekeza simu kwenye kikaratasi cha msimbo na wauzaji hawana chenji ya noti ya rupia 500. Vaa viatu vilivyofunika vidole; ardhi huwa na maji na siagi.

Msimu nao una uzito. Kati ya Novemba na Februari usiku ni wa baridi nzuri, na sokoni kuna «undhiyu», mchanganyiko wa viazi vikuu, maharage mabichi na ndizi unaoliwa sana wakati wa sikukuu ya tiara ya Januari 14. Aprili na Mei joto la mchana hupita nyuzi 40 na mwili hauwi na hamu ya mafuta. Wakati wa mvua za Juni hadi Septemba mimi ningeacha kabisa kila chenye maji ya baridi, hata kwa muuzaji ninayemwamini.

Baada ya usiku ule nilitoka peke yangu mara nyingi, na tumbo halikunisumbua tena. Wiki ya tano daktari alimruhusu mama mdogo kutembea kwa mkongojo, nikampakia kwenye bajaji, ambayo kule wanaiita riksha, nikamshusha mbele ya mkokoteni wa khichu. Nilimwombea kiti, nikamwambia muuzaji «ochhu tikhu», nikasimama upande wa sufuria nikitazama mvuke. Mama mdogo alimega kwa kidole, akaonja, akaniuliza kwa nini nimekuwa nikimpelekea wali wa hospitali wiki zote nne.