Pauni mnazonihesabia

Dada, nimesoma yote yaliyoandikwa kwenye kundi la familia wiki hii, Agosti 2025. Binamu anasema anayetunza wazee Uingereza kama mimi anaondoka na shilingi nusu milioni kila mwezi, na kwamba nimepunguza pesa ya nyumbani kwa sababu najenga kisirisiri Ruiru. Sijengi popote. Nawajibu wote kwa hesabu, maana wewe umechoka kunitetea peke yako hapo Umoja, Nairobi.

Nianze na lililoniuma. Mwanzoni mwa 2024 pauni moja ilikuwa inapita shilingi 200. Pauni 300 nilizokuwa nikituma ziliingia kwenye simu yako zikiwa zaidi ya 60,000. Februari serikali ya Kenya ikakopa dola bilioni 1.5 ili ipunguze lile deni la Eurobond, yaani la dola kutoka masoko ya nje, lililokuwa linaiva Juni, watu wakatulia, shilingi ikapata nguvu. Dola ikatoka karibu 160 hadi karibu 130, na pauni nayo ikateremka hadi 170 hivi. Mimi sikupunguza hata senti. Zilikuwa 300 zile zile, ila huko zikatoka 51,000. Mjomba akauliza 9,000 imebaki wapi. Mjomba, nakuheshimu na wewe wajua, lakini swali hilo lilininyima usingizi. Shilingi ikipanda mna haki ya kufurahi. Ila siku hiyo hiyo ninachowatumia kinapungua nikiwa nimelala, na lawama zinanijia mimi.

Hayo yalikuwa kabla ya saa zangu kukatwa. Kazi hii inalipwa kwa saa. Aprili 2025 kima cha chini hapa kilipandishwa hadi pauni 12.21 kwa saa, na mimi nalipwa hicho hicho. Nilipokuwa na saa 39 kwa wiki, nilibaki na kama pauni 1,700 kwa mwezi baada ya kukatwa kodi, bima ya taifa na akiba ya uzeeni. Sasa napewa saa 25 hivi. Mzee akilazwa hospitali, saa zake zinatolewa kwenye ratiba yangu jioni hiyo hiyo. Akifariki, ndiyo basi. Kuna bibi niliyekuwa nikimwogesha na kumpikia uji kila asubuhi, akiniuliza habari za Mama kana kwamba wanafahamiana. Alipofariki nilimlilia, na kabla sijamaliza kulia nikawa napiga hesabu ya kodi ya chumba. Mnanicheka kwa kubadilisha nepi za watu wazima. Hiyo ni kazi kama nyingine, unanawa mikono inaisha. Kinachonidhalilisha ni kuomboleza mtu huku nahesabu saa alizoondoka nazo.

Mwezi sasa unaingia na pauni 1,200. Chumba ni 550, pamoja na maji, stima na ushuru wa baraza la mji. Chakula 170. Basi 90, kwa kuwa nauli ya safari moja iliyokuwa na kikomo cha pauni 2 ilipandishwa hadi 3 Januari 2025, na mimi nashuka hapa napanda pale kutoka kwa mzee mmoja hadi mwingine. Simu 15. Viatu, koti, dawa, chochote kinachoharibika, 75. Inabaki 300. Hapo naweka 100 na siigusi, maana saa zikikatwa tena sina mlango wa kubisha, na Mungu apishe mbali, likitokea la kutokea nyumbani tikiti ya ndege haipatikani kwa maombi. 200 ni zenu. Kwa bei ya sasa ni kama 34,000.

Dada, hizo 34,000 pamoja na unachopata saluni ndizo za mwezi mzima, kwa hiyo sikiliza. Kodi ya nyumba itoke kwanza, kabla ya deni la duka, kabla ya mtu yeyote aliyekuja na shida yake. Baada ya hapo karo. Kijana anaingia Gredi ya 10 Januari 2026, tena wao ndio wa kwanza kabisa wa mtaala mpya. Akipangiwa shule ya kitaifa ya bweni, karo ni 53,554 kwa mwaka, na nusu yake inadaiwa muhula wa kwanza. Hiyo ni karibu 27,000 siku ya kuripoti, bado godoro, sanduku na sare. Weka 7,000 kila mwezi kuanzia Septemba hii. Usiiweke kwenye simu. Iweke kwenye chama cha akiba ambacho hakitoi hadi Desemba, hata ukilia. Kuna pia SHA ya Mama, bima ya afya ya serikali. Hata kiwango cha chini cha 300 kwa mwezi, asiyeajiriwa anatakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mpigo, yaani 3,600. Hiyo niachie mimi, nitaitoa kwenye ile 100 yangu, ingawa nilisema siigusi.

Chakula, acha mafuta ya kupima ya shilingi 20. Kila siku ni kidogo, lakini kwa lita unalipa zaidi ya mwenye pesa. Nunua mahindi, yasagwe posho mill. Nyanya na vitunguu, shirikianeni wanawake watatu wanne wa ploti, mmoja aende soko la Marikiti alfajiri. Lakini sukuma nunua kila siku kwa mama mboga yule yule, hata kama ni ghali kidogo, kwa sababu ndiye atakayekukopesha tarehe 25. Wala usijaze unga nyumbani, ukijaa wageni nao wanajaa.

Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, usiiguse. Ada yake inaongezeka kila siku, na nikituma inakatwa kabla hujaona pesa. Ila Mama akizidiwa usiku, fuliza, ita teksi, mengine tutazungumza asubuhi.

Michango ya harusi sitoi mwaka huu. Msiba nitatoa nilichonacho, na naomba asinisomee mtu kiasi mbele ya wengine.

Binamu, nasikia unataka kuuza kiploti cha Kitengela umlipe wakala akuletee kazi kama yangu. Usiuze. Tangu 22 Julai 2025 Uingereza imefunga maombi mapya ya watunza wazee kutoka nje, na hata kabla ya hapo, walioomba kuanzia 11 Machi 2024 hawakuruhusiwa kuja na mke wala watoto. Anayekuambia ana nafasi anakuibia. Kaa nyumbani. Lakini pia sitakudanganya kwamba huku hakuna kitu: shule ya watoto wetu hapo nyumbani imelipwa na saa hizi hizi ninazozilalamikia. Kama kuondoka kunakuwasha, omba nafasi KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, usomee uuguzi, uje na cheti ambacho mwajiri anakitafuta. Itachukua miaka, najua, na wewe hutaki kungoja. Ngoja.

Pesa nitakuwa natuma tarehe 28 ili kodi ya nyumba ilipwe kabla ya tarehe 5. Saa zikirudi nitawaambia siku hiyo hiyo, na zikikatwa zaidi pia nitawaambia. Mama nitampigia mwenyewe Jumapili akitoka kanisani, nimweleze polepole. Kabla ya hapo, asiyasikie kwa mtu mwingine.