Miezi miwili natembea, mzani umegoma: usiache kwanza

Mdogo wangu uliyeuliza kama uache mazoezi kwa sababu miezi miwili imekupunguzia kilo moja tu: hapo ulipo nilipita.

Nilianza nikiwa na miaka 26, kilo 88, urefu sentimita 160. Gawanya 88 kwa 1.6 mara 1.6, unapata 34, ndiyo BMI, kipimo cha uzito kwa urefu, na unene uliopitiliza unaanzia 30. Presha ilisoma 138/90, mpaka muuguzi akaniuliza umri wangu mara mbili. Hedhi ilikuwa inakuja ikijisikia, wakati mwingine miezi miwili kimya.

Nakaa Mwanga, Kigoma. Alfajiri nashuka Barabara ya Lumumba mpaka stesheni, halafu naupanda tena ule mlima. Kushuka raha, kupanda ndiyo kazi. Wiki ya kwanza nilisimama mara nne, najifanya nafunga kamba za raba. Vijana wa bodaboda hawakuniacha: "Bonge, panda nikusaidie!" Nilikuwa nanuna, baadaye nikawa nawasalimia.

Miezi miwili ikapita, mzani kilo 87. Nililia, sikufichi. Ila futi ya fundi cherehani ilionyesha kiuno kimepungua sentimita 4, na presha ilikuwa 126/82. Daktari alinieleza kwamba misuli ikifanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu, na mafuta ya ndani ya tumbo, yale yanayozunguka ini na matumbo, huweza kupungua hata kama mzani umelala palepale. Mwezi wa tano hedhi ikaanza kufuata tarehe. Hapo nilikuwa na kilo 82.

Shirika la Afya Duniani linasema angalau dakika 150 kwa wiki, basi nusu saa siku tano inatosha. Kasi yake ni ile unayoweza kuongea lakini huwezi kuimba. Ongeza siku mbili za kuchuchumaa na kuinuka ukiwa na dumu la maji.

Mawese sikuacha, samaki wa mgebuka bila mawese mimi simuwezi. Nilipunguza upawa wa mawese na tonge la ugali wa muhogo. Soda ndiyo niliacha kabisa.

Hedhi ikikata miezi mitatu na huna mimba, nenda hospitali, usisubiri mazoezi yakutibu.

Na raba za mtumba zikunje soli kabla hujalipa. Zangu za kwanza ziliachia katikati ya mlima, nikabaki pekupeku. Siku hiyo bodaboda nilipanda.