Matone ya macho makavu na mazoezi ya macho, nichanganye?

SWALI: Habari za kazi daktari. Nafanya kazi ofisini kule Mtumba, Dodoma, asubuhi mpaka jioni niko kwenye kompyuta na feni inanipuliza usoni, nikitoka napanda boda kurudi Nkuhungu na vumbi hili la mwezi wa nane si unalijua. Macho yanachoma kama yana mchanga, na ajabu yake muda mwingine yanatoa machozi yenyewe. Kliniki wakasema ni macho makavu wakanipa matone ya saiklosporini, huu ni mwezi wa kwanza sijaona nafuu, ni kuwasha tu. Sasa shemeji kaniletea video za mazoezi ya macho, anasema niache madawa, mazoezi yatanitoa mpaka na miwani. Nifanyeje? Mama Pacha, Nkuhungu.

JIBU: Mama Pacha pole na vumbi. Changanya tu hamna shida, ila matone usiache. Saiklosporini inatuliza uvimbe unaozuia tezi zako kutoa machozi na hiyo kazi haiishi kwa mwezi, huwa inachukua miezi 3 mpaka 6, na kuwasha ukiweka ni kawaida yake. Ndo maana watu wengi wanaiacha njiani. Na wengine wanaanza mazoezi wakiwa wametumia matone miezi mitatu, dawa ndo inaanza kukolea, halafu sifa zote anapewa mwenye video!

Hayo machozi yanayotoka yenyewe ni ya dharura, jicho limekauka likaumia likamwaga maji, lakini maji hayo hayakai.

Haya mazoezi sasa. Zoezi lako wewe ni kupepesa. Mtu kwa kawaida anapepesa kama mara 15 kwa dakika, akikodolea skrini zinapungua hata nusu haifiki, na hizo chache kope hazifungi mpaka chini, kwa hiyo mafuta ya kwenye kingo za kope hayatoki na machozi yanakauka haraka. Funga macho taratibu, tulia sekunde 2, bana kidogo, fungua, rudia kama mara 10 kila baada ya muda ukiwa kazini. Na kila dakika 20 angalia kitu cha mbali, mita 6 hivi, hata huo mlima nje ya dirisha.

Lile zoezi la kusogeza kalamu mpaka karibu na pua ni la watu ambao macho yao hayakutani vizuri wakisoma, herufi zinakuwa mbilimbili, na hao linaweza kuwasaidia wakisimamiwa na mtaalamu. Machozi haliongezi. La kukutoa miwani naomba shemeji anisamehe, hizo habari zilianza na daktari mmoja wa New York, William Bates, zaidi ya miaka 100 iliyopita, na mpaka leo hakuna zoezi linalofupisha jicho lililorefuka, ambalo ndo linamfanya mtu asione vizuri mbali. Kama kwenye video kuna la kutazama jua hilo usithubutu kabisa, linaunguza jicho kwa ndani.

Kama una machozi ya bandia pia, acha dakika 15 kati yake na saiklosporini. Miwani usiende kupima sasa hivi, jicho kavu linatoa namba tofauti leo na kesho, subiri litulie. Ukiona ukungu, ukiondoka ukipepesa ujue ni ukavu, usipoondoka hapo ndo tuzungumze miwani.

Halafu usiende famasi kuomba "matone ya macho mekundu" ukapewa yenye steroidi, yanatuliza haraka kweli lakini ukiyazoea bila kupimwa yanaleta presha ya macho na mtoto wa jicho. Na kama ulikulia Kongwa au jirani, ambako trakoma, yaani ugonjwa wa vikope, ilisumbua sana, mwambie daktari aangalie kope kama hazijageukia ndani, maana hizo nazo zinakwaruza hivyohivyo na matone hayazinyooshi.

Hilo feni ligeuze leo. Maumivu yakizidi, mwanga ukiuma au uoni ukishuka ghafla, usingoje tarehe ya kliniki.