Pima kona kwa kona kabla ya zege: jibu kwa kijana aliyeuliza kuhusu upimaji Goma

Mdogo wangu, umeuliza mambo mawili. Kwanza, kama aliyemaliza topografia, yaani upimaji wa ardhi, anaweza kuishi kwa kazi za ujenzi hapa Goma bila kuajiriwa kadasta, ofisi ya serikali ya viwanja na mipaka. Pili, kama ukubali kuanza kwa kushika prisma, kile kioo kwenye fimbo ambacho mashine ya kupimia inakilenga, wakati diploma unayo tayari. Yote mawili ni ndiyo. Lakini acha nikueleze kilichonipata mimi, maana shuleni hakuna aliyeniambia.

Mwaka wangu wa pili kazini nilipewa kupanga msingi wa jengo la mita 18 kwa 12, upande wa Himbi. Kona mbili za mbele nilizitoa nikiwa nimeweka mashine ya kupimia kwenye alama ya kwanza, yaani jiwe ambalo mahali pake palikuwa pamepimwa tayari. Lori likamwaga mawe katikati ya shantie (eneo la ujenzi), nikawa sioni tena upande wa nyuma. Nikahamisha mashine kwenye alama ya pili, nikaielekeza kwa ile ya kwanza, nikatoa kona mbili zilizobaki. Umbali kati ya alama hizo mbili ulikuwa umeandikwa kwenye daftari langu. Sikuupima. Wingu lilikuwa linapanda kutoka ziwani na nilitaka kumaliza kabla ya mvua.

Jioni fundi mwashi wetu, mzee ambaye sisi sote tulimwita Papa, akavuta futi yake. Upande wa kwanza, sawa. Wa pili, sawa. Pande zote nne zikatoka vizuri kabisa, na mimi nikaanza kufunga mashine. Kisha akaita kijana mmoja ashike ncha, akavuta kona kwa kona, yaani kwa mshazari: mita 21.68 huku, mita 21.58 kule. Zote mbili zilitakiwa kuwa 21.63. Akaniangalia, akasema, "Mwanangu, nyumba yako imelala."

Asubuhi ile chukudu (kigari cha mbao cha magurudumu mawili) iliyobeba mbao ilikuwa imegonga jiwe la alama ya pili na kulisogeza sentimita 6. Vijana waliona, lakini hakuna aliyewaambia ile rangi nyekundu juu ya jiwe ina maana gani. Kona zangu za nyuma nazo zikasogea sentimita 6 kuelekea upande mmoja. Jengo likifanya hivyo, pande zake hazibadiliki urefu kwa kiasi cha kuonekana kwenye futi. Kinachoharibika ni pembe, na pembe mbovu utaiona kona kwa kona tu. Mashine ya maelfu ya dola ilinidanganya kwa sababu niliiweka juu ya jiwe lililohama. Futi ya Papa ilisema kweli.

Tulikuwa hatujachimba, namshukuru Mungu mpaka leo. Unajua ardhi yetu ilivyo: mtaro wa msingi kwenye lava, mwamba wa volkano ulioganda, unapasuliwa kwa nyundo na patasi, siku nyingi za watu wengi. Kuhamisha mtaro sentimita 6 ni kulipa mawe yale yale mara ya pili.

Tangu siku hiyo, nikiweka mashine mahali, napima umbali wa kurudi kwenye alama niliyotoka. Halafu natafuta alama ya tatu na kuipima pia, kwa sababu jiwe likisogea kando ya mstari wa kutazamia, umbali unaweza kutoka sawa na bado uko kwenye kosa. Nikimaliza kona, mafundi wavute kona kwa kona mbele yangu, tuandike namba, mkuu wa kazi asaini. Zege haimwagwi kabla ya hapo. Kuna wakubwa watakaokuambia unachelewesha kazi. Wavumilie, na usiondoke.

Alama zenyewe: kigingi cha mti hakiingii kwenye lava. Toboa jiwe lililo mama, lile lililoshikana na ardhi, utie msumari wa chuma na saruji, kisha uzungushie mawe na uwaeleze watu wa shantie. Jiwe la juu juu hata likiwa kubwa usiliamini. Na pima mapema. Saa sita mchana lava nyeusi imeshika moto, hewa ya chini inatetemeka, utasoma mira ya nivo (fimbo ya namba ya kupimia kimo) huku namba zinacheza.

Hesabu moja ambayo wengi wanairuka. Ukitumia GPS hapa unafanya kazi kwenye UTM, mfumo wa ramani unaogawa dunia kwa kanda, na kanda yetu ni ya 35 Kusini, na Goma iko karibu na ukingo wa kanda hiyo, kama kilomita 248 kutoka meridiani yake ya kati, yaani mstari wa katikati ya kanda. Ukichanganya hilo na mwinuko wetu wa kama mita 1,500, mita za GPS na mita za futi zinapishana karibu sentimita 12 kwa kila kilomita. Kwenye nyumba ni milimita chache, usijali. Kwenye barabara au bomba la maji la kilomita tatu, mhandisi atakuita ueleze sentimita 36 zimetoka wapi.

Sasa mipaka. Hapa nakuomba uwe mwangalifu sana. Januari 2002 lava ya volkano Nyiragongo ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, ikafunika viwanja pamoja na mawe yake ya mpaka, na watu wakajenga juu yake. Mei 2021 ikashuka tena mpaka Buhene, na mitetemo iliyofuata ikapasua ardhi mjini. Baada ya hapo sisi hatukutumia alama yoyote ya zamani bila kuipima upya. Kwa hiyo mama mwenye kiwanja akikuonyesha jiwe na kusema "mpaka ni hapa", pokea neno lake kwa heshima, kisha omba karatasi. Kwa sheria ya 1973 ardhi ni ya serikali na mtu anapewa haki ya kuitumia. Mpaka unawekwa na géomètre (mpimaji) wa kadasta, kwa hati yake. Wewe wa shantie unapanga jengo ndani ya mpaka huo. Ukimsogezea mtu jiwe hata sentimita kumi ili nguzo itoshe, umewaachia watoto wa majirani wawili ugomvi.

Malipo: wengi tunalipwa kwa siku au kwa kazi. Patana kabla, na uandike kwamba kurudia kazi kwa sababu ramani imebadilishwa kunalipwa.

Kuhusu prisma, kubali. Aliyeshika prisma mwaka mzima anajua mkono ukilegea kidogo namba inaenda wapi, na siku akiwa nyuma ya mashine atajua wa kumwambia "simama wima". Kama kazi waliyokuahidi iko upande wa Buhene, niandikie kabla ya kuanza, nitakueleza alama zipi za huko tulizipima upya baada ya 2021.