Mageuzi, marekebisho au maboresho?

Barua za juma hili zinahusu neno la Kiingereza "reform" na namna ya kulisema kwa Kiswahili.

Shikamoo mwandishi. Wanafunzi wangu wanauliza: tuseme mageuzi, marekebisho au maboresho? (Mwalimu, Kongwa)

Marahaba, mwalimu. Yote matatu yanatumika, ila hayalingani kwa kina. Tofauti yake niliiona kwa fundi cherehani mmoja wa Soko la Majengo hapa Dodoma. Aliletewa shati lililochakaa kola kwa kusuguana na shingo. Akaifumua, akaigeuza upande wa ndani ukawa nje, akaishona tena palepale. Hiyo aliita kugeuza kola. Shati la pili lilikuwa pana kiunoni, akalipunguza kwa mishono miwili, na hilo alisema analirekebisha. Basi mageuzi hubadili upande wa jambo ingawa kitambaa ni kilekile, ilhali marekebisho hunyoosha kilichokaa vibaya na kuliacha umbo lilivyo. Maboresho, yatokanayo na "bora", husema tu kwamba ubora umeongezeka, bila kutaja kasoro iliyokuwapo. Wafundishe wanafunzi wako kuuliza kila wanapokutana na neno hilo: ni nini hasa kilichokuwa kibovu?

Kuna Tume ya Kurekebisha Sheria, na kuna marekebisho ya sheria yanayopitishwa bungeni. Je, ni kazi moja? (Karani, Dodoma mjini)

Hapana. Tume hiyo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1980, huzipitia sheria kwa utafiti na kupendekeza zibadilishwe vipi, wakati muswada wa marekebisho ya sheria mbalimbali hugusa kifungu hiki na kile. Kiswahili cha sheria kimelitwika neno moja mizigo miwili, na sidhani kwamba ni sawa, kwa sababu mwananchi asomaye tangazo hawezi kujua kama sheria inashonwa upya au inawekewa kiraka. Katiba ya mwaka 1977 ilikuwa makini zaidi: ibara ya 98 inaeleza kwamba kubadilisha masharti ni pamoja na kuyarekebisha, kuyasahihisha, au kuyafuta na kuweka mengine badala yake. Hapo "kubadilisha" ndilo neno pana, na mengine yamo ndani yake.

Kwa nini "mageuzi" husikika kama neno la siasa? (Kijana, Bahi)

Kwa sababu lilivuma zaidi katika siasa za miaka ya 1990. Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyokusanya maoni ya wananchi kuhusu chama kimoja au vyama vingi, iliundwa mwaka 1991, mfumo wa vyama vingi ukarejeshwa mwaka 1992, na kimoja kati ya vyama vya wakati huo, NCCR-Mageuzi, kikalibeba neno hilo katika jina lake. Hata hivyo, usiogope kuandika mageuzi ya elimu au ya kilimo.

Na kanisani? (Msomaji, Mpwapwa)

Vuguvugu lililoanzishwa na Martin Luther mwaka 1517 huitwa Matengenezo ya Kanisa.

Babu yangu aliliacha tembe lake, nyumba ya udongo yenye paa bapa, wakati wa Operesheni Dodoma. Niyaite yale mageuzi? (Mjukuu, Chamwino)

Swali lako limenigusa kuliko yote. Operesheni ile ya mwaka 1971, iliyowakusanya watu wa mkoa huu katika vijiji vya ujamaa, ilikusudiwa iwe mageuzi ya maisha ya kijijini, na kwa upande wa waliopanga neno hilo linafaa. Lakini mageuzi yanatokana na kugeuza, si kugeuka: yupo anayegeuza na yupo anayegeuzwa. Wazee wengi niliowasikiliza husema "tulihamishwa", na silabi ile ya mwisho inabeba habari nzima ya mtu aliyetendewa. Ukiandika habari za babu yako, taja mageuzi unapoeleza mpango wa serikali; ukifika kwenye tembe, andika kitenzi anachokitumia yeye mwenyewe.